Nimempeleka ami yangu Spreepark Berlin, maoni yangu haya hapa

Kila nikiweka picha za hii sehemu watu wananijaa inbox kuuliza ni wapi na unaingiaje, kwa hivo bora niandike mara moja halafu mwenye kuuliza namtumia hii. Ni Spreepark, kile kiwanja cha pembea kilichofungwa ndani ya msitu wa Plänterwald, Berlin mashariki, pembeni kabisa ya mto Spree, kilichojulikana kwa gurudumu lake kubwa na yale madainosaria yaliyoangushwa chini. Mie niliingia kiangazi cha 2019 kwenye matembezi ya kuongozwa, halafu baadae nikarudi kuangalia wamefika wapi. Nikitoa nyota natoa nne na nusu kati ya tano na ile nusu iliyobaki ni kwa sababu ya mbu, wallahi pale kuna maji yamesimama na mbu wake wanauma hata juu ya suruali, mkienda vaeni nguo nzito na viatu vya kufunika.

Aliyenifanya nikate tiketi ni ami yangu. Alikuja kututembelea kutoka Unguja na yeye mwanzoni mwa miaka ya 80 alisomea ufundi wa meli Rostock, zama za Ujerumani Mashariki. Watoto wa Zanzibar mambo ya Ujerumani Mashariki hatuhitaji kusomeshwa, Zanzibar ndo ilikuwa ya mwanzo Afrika kuitambua ile nchi mwaka 1964, na majumba ya Michenzani yale pale yamesimama mpaka leo kwa msaada wao. Bas mzee kafika, nimemwonyesha Ukuta wa Berlin, ule uliobaki, nimemwonyesha mnara wa Alexanderplatz, anaitikia tu kwa heshima. Siku ya tatu ananiuliza, "Mwanangu, na ile Kulturpark bado ipo? Pale tulikuwa tunapelekwa tukija Berlin." Hilo jina la Kulturpark mie sikuwahi kulisikia, nikatafuta, kumbe ndo hiyo hiyo Spreepark ninayoipita kila siku nikiwa kwenye baiskeli nikachungulia uzio.

Kabla sijasahau niseme hili kwa wale wanaotafuta njia ya mkato. Miaka ya nyuma nilishamlipa jamaa mmoja wa mtandaoni euro 20 aliyejidai anajua tundu la uzio na atatuingiza usiku, tulisubiri kwenye baridi kama saa nzima hakutokea na simu kazima. Msifanye hivo. Si kwa ajili ya pesa tu, mle ndani mbao zimeoza, vyuma vimelika kutu mpaka vinashikana kwa rangi tu, na kuna mashimo ya maji yamefunikwa na majani huyaoni. Nimeyaona mchana kweupe na bado niliogopa. Matembezi yenyewe yalikuwa ya euro chache tu, sasa mtu avunje mguu kwa nini?

Haya, mlangoni tulikutana kama watu ishirini, kijana anayeongoza akatuhesabu na kutuambia tusitoke nje ya njia na tusipande kitu chochote. Maelezo ni kwa Kijerumani, mie wangu wa wastani nikawa namwangalia ami ndo anatafsiri, mzee Kijerumani chake kimelala miaka thelathini na kitu lakini kilipoamka kiliamka chote.

Kiwanja kilifunguliwa Oktoba 1969, nchi yao inatimiza miaka 20, na ndo kilikuwa kiwanja pekee cha kudumu cha aina hiyo kwenye Ujerumani Mashariki nzima. Yaani ukiwa mtoto wa Leipzig au wa kijijini huko, shule ikikuleta Berlin hapa ndo unapaota wiki nzima kabla. Kwenye mwaka mzuri walikuwa wanaingia watu milioni 1.7. Mama mmoja wa makamo kwenye kundi letu akasema alipanda pale siku ya kutimiza miaka saba na alikuwa anakumbuka rangi ya koti alilovaa. Muongozaji akasimama kimya akamwacha aongee mpaka amalize, na hapo ndo nilipoanza kumpenda huyu kijana, kwa sababu wengine wangemkatiza ili wawahi kwenye madainosaria.

Maana kiukweli madainosaria hayana kitu. Ndo watu wote wanachokipiga picha, lakini ukifika ni masanamu ya plastiki yaliyopigwa mateke na walevi, moja halina kichwa, na hayakuwepo kabisa zama hizo za mwanzo, yaliletwa na mwenye kiwanja wa baadae. Nilipiga picha mbili nikasogea.

Kilichonikaa moyoni ni gurudumu. Mita 45 kwenda juu, vibanda 40 vya rangi rangi, limesimama juu ya miti peke yake, hakuna injini inayowaka lakini upepo ukivuma linajizungusha lenyewe taratibu huku linalia. Ule mlio siwezi kuueleza, kama mlango mkubwa wa mbao wa Mji Mkongwe unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, ila haufiki mwisho. Watu wote ishirini tulinyamaza. Nikamgeukia ami nikitegemea machozi, mzee amekunja uso anasema, "Silo hili." Nikamwambia ami ni hili, hakuna jengine. Akakataa katakata, lake lilikuwa jengine na vibanda vyake vilikuwa vyengine. Nikaona haya kidogo nikajua umri huo, lakini akamuuliza muongozaji mwenyewe kwa Kijerumani na kijana akafurahi khasa, akasema mzee yuko sahihi, gurudumu la mwanzo lilitolewa na hili likawekwa 1989 kwa sherehe za miaka 40 ya ile nchi. Oktoba 1989! Novemba tarehe 9 ukuta umeanguka, mwaka mmoja mbele nchi yenyewe haipo. Ami akawa anatikisa kichwa tu, "Walinunua gurudumu jipya na wageni hawana", akirudia rudia hivo mpaka tunaondoka pale.

Baada ya hapo ndo inakuja hadithi ya Norbert Witte na hii hadithi nyie ndugu zangu mkiisikia mtasema ya kutunga lakini imepita mahakamani. Baada ya nchi kuungana kiwanja kikachukuliwa na familia ya Witte, watu wa pembea za maonesho kwa vizazi, na huyu mzee alishakuwa na msiba mkubwa nyuma yake, 1981 kule Hamburg winchi yake iligonga pembea iliyojaa watu, wakafa saba. Alipochukua Berlin akakibadilisha kiwe cha mtindo wa magharibi, rola kosta, mitaro ya maji ya kuteleza na maboti, na vitu vyengine akavinunua kutoka Mirapolis, kiwanja cha karibu na Paris kilichokuwa kimefungwa 1991 baada ya miaka minne tu. Hapo nilisimama nikafikiria kidogo, kiwanja kinajengwa kwa mifupa ya kiwanja kilichokufa, na chenyewe kikafa.

Kwa nini kilikufa? Muongozaji alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kokote. Msitu wa Plänterwald uliwekwa chini ya hifadhi, kwa hivo nafasi za kuegesha magari zikawa hazipo, na Wajerumani wa miaka ya 90 walishanunua magari wanataka kufika nayo mpaka mlangoni. Watu wakapungua, kiingilio kikapandishwa kufidia, na kilipopandishwa watu wakapungua zaidi, deni likapanda. 2001 kiwanja kimefilisika, deni la zaidi ya euro milioni 10. Januari 2002 Witte akafungasha pembea sita kwenye makontena, mamlaka zikiambiwa zinakwenda kutengenezwa, kumbe zinakwenda Lima, Peru, na familia yake nyuma. Huko akafungua kiwanja chengine nacho kikamshinda.

Halafu 2003 zikakamatwa zaidi ya kilo 160 za kokeni zimefichwa kwenye nguzo ya pembea moja inayoitwa Zulia Linaloruka. Muongozaji alitusimamisha kwenye eneo tupu, majani tu, akitueleza habari hiyo. Witte alihukumiwa miaka saba Ujerumani, lakini mwanawe aliyebaki kule alihukumiwa Peru miaka 20. Hapa ndo nilipompa muongozaji heshima yangu yote, hakuisimulia kama kichekesho. Watu kadhaa walianza kucheka kwa sababu kweli ina sura ya sinema, yeye akaendelea kwa sauti ile ile akasema kijana alikuwa mdogo na baba ndo aliyemuingiza. Ami akasema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo. Kwenye mtandao hii habari utaikuta imeandikwa kwa mbwembwe na alama za mshangao lakini pale chini ya miti, na lile gurudumu linalia nyuma yako, ni familia iliyoharibika bas.

Vyengine vilivyobaki nitavipitia haraka. Ile rola kosta ndogo inayoingia kwenye tundu lenye uso wa paka mkubwa wa rangi kali, hiyo ni nzuri sana, reli zimeshikwa na miti michanga iliyoota katikati, hapo piga picha. Maboti ya sura ya bata maji yamekwama kwenye matope. Sehemu kubwa iliungua Agosti 2014 na moto uliobaki alama zake mpaka tunakwenda. Mwaka huo huo mji wa Berlin ulilirudisha eneo mikononi mwake, na 2016 ikakabidhiwa Grün Berlin, wanaoshughulikia bustani za mji.

Wapo mtakaouliza kama inafanana na Pripyat, ule mji wa Ukraine ulioachwa mtupu. Nimeulizwa sana hilo. Hapana, na sipendi kuzilinganisha. Lile gurudumu la Pripyat lilitakiwa lifunguliwe Mei mosi 1986 na kinu cha Chernobyl kikalipuka Aprili 26, kile ni kilio cha mji mzima uliohamishwa. Na Nara Dreamland, kiwanja cha pembea cha Japani kilichofungwa 2006, ilishabomolewa yote, ukienda saa hizi utakuta kiwanja kitupu. Hii ya Berlin ni ya tofauti kwa sababu wenyewe wapo hai, wanaishi mtaa wa pili, wanakuja kutembea na wajukuu wao na wanakurekebisha ukikosea.

Sasa hali ya baadae, hili ni muhimu msije mkapanga safari kwa picha zangu za zamani. Lile gurudumu liliteremshwa Januari 2021 lote, kipande kwa kipande, wanasema wanalitengeneza ili lirudi lizunguke tena. Nilivyorudi nikasimama njiani natafuta kwa macho juu ya miti, nilijua halipo na bado nilitafuta. Ndani ni mafundi na mitambo, na tarehe ya kufungua imeshasogezwa mara kadhaa, kwa hivo angalia kwanza kwenye tovuti yao kama kuna matembezi siku unayotaka. Kilichofunguliwa ni Eierhäuschen, ile nyumba nzuri ya matofali mekundu ya karne ya 19 pale pembeni mwa mto, 2024 imerudi na mgahawa na maonesho ya sanaa, ukikaa nje unaona mto na maboti yanapita, kwa mwenye watoto panafaa sana. Mie hofu yangu moja tu kwenye huu mpango mpya, wasije wakasafisha kupita kiasi. Wamesema miti iliyoota kwenye reli wataiacha sehemu sehemu na kile kiwanja hakitorudi kuwa cha pembea za kelele kama zamani, kitakuwa bustani ya sanaa na mazingira, sawa, napenda, lakini ule uzito wa kuona kitu kilichoachwa na watu kikaendelea chenyewe, huo ukishapigwa rangi mpya haurudi.

Kufika ni rahisi, panda S-Bahn, treni za mji, ushuke kituo cha Plänterwald au Treptower Park utembee kando ya mto, mie napendelea Treptower Park ni ndefu zaidi lakini unapita kivulini njia nzima. Chukua maji. Mwenye magoti mabovu ataweza, sie tulikwenda na mzee wa miaka sitini na kitu na tulizunguka kama saa mbili bila kukaa chini. Na kama una mtu yeyote aliyesoma kule zama zile, Mzanzibari, Mmsumbiji, Muangola, Mvietnam, yeyote yule, mchukue yeye kwanza kabla ya marafiki zako wa kupiga picha.

Siku ile tukiwa kwenye treni kurudi, ami alinambia siku wakilisimamisha tena lile gurudumu nimkatie tiketi atakuja, hata kama silo lake. Nikamwahidi. Mpaka leo akinipigia kutoka Unguja, salamu zikisha tu, swali lake la kwanza ni hilo: "Wameshalirudisha?"