Data za GBM kwa mlipuko wa GRB 221009A: zipi nzima, zipi zimeoza

Hifadhi ya data za GBM, chombo cha kunasa milipuko ya miale ya gama kilichomo katika satelaiti ya Fermi, ni huduma ya bure, na kwa milipuko ya kawaida haina mpinzani kwa urahisi. Mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022 haukuwa wa kawaida. Ulikuwa mkali kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, na ndio unaoonyesha huduma hii inakatikia wapi.

Kuzipata ni rahisi. Tafuta bn221009553, jina la mlipuko huu katika hifadhi; tarakimu tatu za mwisho ni sehemu ya siku, yaani saa 7:17 mchana kwa saa za UTC. Ndani yake kuna faili za FITS (muundo wa kawaida wa data za astronomia) za vigunduzi 12 vya NaI, fuwele za sodiamu na iodini (keV 8 hadi MeV 1, vipimo vya nishati ya fotoni), na viwili vya BGO, fuwele za nishati ya juu (keV 200 hadi MeV 40). Chagua NaI ambazo mlipuko ulizipiga kwa pembe isiyozidi digrii 60, pamoja na BGO ya upande huohuo. Faili ya mwitikio, inayoeleza jinsi kigunduzi kinavyogeuza nishati ya fotoni kuwa hesabu, iwe rsp2 yenye matriksi nyingi, si rsp yenye moja: mlipuko ulidumu mamia ya sekunde huku satelaiti ikisogea, na matriksi moja haitoshi.

Wengi huharibikiwa kwenye TTE, faili ya matukio mojamoja. Faili hii hurekodi kila fotoni kwa usahihi wa mikrosekunde 2, nayo ndiyo kila mtu huikimbilia kwanza. Lakini njia ya kupitishia data ndani ya satelaiti hubeba matukio yapatayo 375,000 kwa sekunde kwa vigunduzi vyote. Yakizidi hapo, yanatupwa, na mchoro wako utaonyesha kilele kilichokatwa kichwa ambacho si cha mlipuko. Tumia CSPEC badala yake, faili ya hesabu zilizojumlishwa kwa vipande vya muda. Hiyo hujumlishwa hukohuko angani kabla ya kutumwa, hivyo haipotezi hesabu kwa njia hiyo.

Hata hivyo CSPEC nayo haiponyi kila kitu. Fotoni zikifuatana mno, mapigo ya umeme hupandiana: mawili dhaifu husomwa kama moja lenye nguvu, au pigo huangukia kwenye mkia wa lililotangulia na kusomwa chini ya nishati yake. Umbo la spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati, linapinda, na kusahihisha muda mfu wa kigunduzi (mikrosekunde 2.6 kwa tukio, ambamo hakiwezi kurekodi jingine) hakulinyooshi. Kwa hiyo, ukihesabu tangu saa ya arifa, yaani GBM ilipouona mlipuko, usipime spektra kati ya sekunde 219 na 277, wala 508 na 514. Programu itakupa jibu zuri tu hata humo, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa kilele chenyewe nenda kwa GECAM-C, chombo cha Kichina cha miale ya gama, ambacho siku hiyo kilikuwa katika hali iliyokiwezesha kukipima bila kushiba, yaani bila kuzidiwa na wingi wa fotoni.

Data zilizosalia ni tamu. Mara tu baada ya kipindi kibovu, kuanzia sekunde 280, BGO ilinasa mstari wa nishati karibu na MeV 12, uliochapishwa mwaka 2024. Ukitaka kuutazama, tumia PG-stat, kipimo cha takwimu cha kulinganisha modeli na data, kwani chaneli za nishati ya juu zina hesabu chache na kipimo cha kawaida, khi-mraba, kitakudanganya. Kwenye NaI, ruka keV 30 hadi 40, penye ukingo wa iodini, ambapo mwitikio wa kigunduzi hubadilika ghafla.

Usuli, yaani hesabu zisizotoka kwenye mlipuko, nao unahitaji uangalifu. Mstari wa polinomia uliopitishwa kati ya vilele utakula mwanga halisi, kwa sababu mlipuko haukuzima katikati. Chukua wastani wa hesabu za mizunguko 30 ya satelaiti kuzunguka dunia kabla na 30 baada, satelaiti inapokuwa imerudi karibu mahali palepale na kuelekea kulekule.

Kasoro ya mwisho ni mwelekeo. GBM hukosea kwa digrii kadhaa, kwa hiyo darubini ndogo haina la kufanya na arifa yake peke yake. BAT, chombo cha kunasa milipuko kilichomo katika satelaiti ya Swift, hutoa mahali kwa usahihi wa sehemu ndogo ya digrii, ila ilikiona chanzo dakika 53 baadaye, na kwa kuwa kipo karibu na ukanda wa Njia ya Maziwa, kilitangazwa kwanza kama kitu cha galaksi yetu. Anayepokea arifa za Swift karibu na ukanda huo apekue kwanza orodha ya GBM ya saa moja iliyopita. Ni kazi ya dakika mbili.