Nimepiga Debian upya, diski pacha zimerudi na data yote: uzoefu wangu na mdadm

Wakuu, hii ni kwa yeyote mwenye mashine ya Linux yenye diski mbili zinazobeba kitu kilekile, yaani RAID 1, halafu SSD yenye mfumo imekufa au unataka kupiga mfumo upya na unaogopa hata kuzigusa zile diski. Mimi hapa studio tuna mbili za 4TB, zimejaa picha na video za harusi za wateja, SSD iliyokuwa na mfumo ikagoma kabisa kusomeka, nikaweka mpya na Debian 12 (aina ya Linux) juu yake. Kazi yote ya kuzirudisha diski nimeifanya kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, na naipa nyota nne kati ya tano, ile iliyobaki nitasema imeenda wapi.

Kinachonifanya niiamini hii programu ni kwamba habari za RAID haiziweki kwenye mfumo, inaziandika kwenye diski zenyewe. Kwa toleo la 1.2 la habari hizo ambalo ndo la kawaida siku hizi zinakaa KB 4 tu kutoka mwanzo wa partisheni: UUID ya kundi (namba ndefu ya utambulisho), jina la kundi, nafasi ya hiyo diski kwenye kundi, na hesabu ya mabadiliko ambayo inaonyesha nani ana data mpya zaidi. Kwa hiyo SSD ife, mazabodi ibadilishwe, zile diski bado zinajua pacha wake ni nani. Mfumo mpya hauna cha kuunda, wa kusoma tu.

Na hapa ndo naomba mtu asome taratibu, kwa sababu kuna amri mbili zinazofanana machoni ila moja inarudisha na nyingine inaua. Ya kurudisha ni --assemble. Ya kuua ni --create. Ukipiga --create juu ya diski zenye data, inaandika habari mpya juu ya zile za zamani, halafu data inaweza kuhesabiwa kuanzia sehemu tofauti na ya mwanzo maana matoleo ya mdadm hayapangi nafasi hiyo sawasawa, na inaanza kukopi diski moja kwenda nyingine, kwa hiyo hata ile nakala ya pili uliyoitegemea inafutwa hivyo hivyo unaangalia. Bahati nzuri kabla ya hapo inakuambia kwamba hizi diski zinaonekana ni za RAID, uendelee? Jibu ni hapana, kila mara. Yapo maelezo mengi mtandaoni yanayoanza na --create kwa sababu yameandikwa kwa mtu mwenye diski tupu, usiyafuate.

Wakati wa kupiga Debian mimi nilichomoa waya za SATA za zile diski mbili, ikabaki SSD peke yake. Unaweza kuziacha na ukawa makini kwenye hatua ya partisheni, lakini kwa nini ujitese, kisichochomekwa hakifomatiwi. Mfumo ulipokaa sawa nikazima, nikachomeka, nikawasha, nikapiga apt install mdadm kwa sababu haikuja yenyewe, kisha lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,FSTYPE. Hiyo SERIAL ni muhimu sana, majina kama sda na sdb yanaweza kubadilika ukihamisha waya, namba iliyoandikwa kwenye stika ya diski haibadiliki. Kwenye FSTYPE utaona linux_raid_member, ukiona hivyo pumua.

Halafu mdadm --examine kwa kila partisheni. Hii inasoma tu haiandiki, ipige hata mara kumi. Angalia Array UUID iwe moja kwa zote mbili, na Events, ile hesabu ya mabadiliko, ziwe sawa. Zikiwa sawa, mdadm --assemble --scan, kisha cat /proc/mdstat, unatafuta [UU], yaani diski zote mbili zimepanda. Kwangu kundi lilikuja kwa jina la md127 badala ya md0 la zamani, usishtuke, ni kwa sababu jina la mashine mpya si lile lililoandikwa kwenye diski kwa hiyo mdadm inaliona kundi kama mgeni. Data haijaguswa.

Ukikuta [U_] simama hapo hapo. Maana yake diski moja tu ndo imepanda. Usikimbilie kuirudisha ya pili, kopi kwanza vitu vya maana kutoka kwenye ile iliyopanda kwenda diski ya nje, halafu ndo urudishe iliyoachwa kwa --re-add, na kama kundi lina bitmap (ramani ya sehemu zilizoandikwa) itasinki sehemu zilizobadilika tu badala ya 4TB nzima.

Kumaunti mara ya kwanza fanya kwa kusoma tu: mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt. Hiyo noload ni ya ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), ukiweka ro peke yake ext4 bado inaweza kuandika wakati inamalizia jono (journal) lake, yaani daftari la maandishi ambayo hayajakamilika. Nikafungua folda kadhaa, nikacheza video za zamani na za karibuni, zote zinafunguka, ndo nikaumaunti kawaida.

Ili irudi yenyewe kila ukiwasha: mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf, kisha update-initramfs -u, kisha mstari kwenye /etc/fstab, faili la diski za kumaunti wakati wa kuwasha. Hapa kuna mtego, ukipiga blkid diski zote mbili zinaonyesha UUID moja inayofanana, hiyo ni ya kundi, sio ya kuweka fstab, unayoitaka ni iliyo kwenye mstari wa /dev/md127. Na weka nofail, la sivyo siku diski zikichelewa mfumo unasubiri sekunde 90 halafu unakutupa kwenye hali ya dharura, na kama mashine haina skrini hapo utalia. Piga mount -a kabla ya kuzima na kuwasha.

Faili zikikataa kufunguka usianze kumwaga chmod 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote. Linux inaangalia namba ya mtumiaji sio jina, mtumiaji wa kwanza Debian anakuwa 1000, wa pili 1001. ls -ln itakuonyesha namba za zamani, watengeneze watumiaji kwa namba zilezile na kila kitu kinakaa.

Sasa ile nyota niliyokata. mdadm haiweki alama ya kuhakiki data, kwa hiyo nakala mbili zikitofautiana inaweza kukuambia zimetofautiana lakini haijui ipi ndo sahihi. ZFS na Btrfs, mipangilio ya faili yenye alama hiyo, zinajua. Ukaguzi wenyewe upo, unaandika check kwenye /sys/block/md127/md/sync_action, kwa 4TB tegemea masaa saba mpaka nane au zaidi, ukiisha soma mismatch_cnt, hesabu ya sehemu zilizotofautiana. Debian inaufanya yenyewe kila mwezi na ni vizuri, ila kwa mtu anayeishi kwa picha za watu ningependa zaidi ya hapo. Kwa hiyo bado tuna bakapu kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, kwa sababu faili ukiifuta, RAID 1 inaifuta pande zote mbili muda huohuo.

Kama zile diski zako za Linux utazichomeka kwenye Windows na ikakuomba uzifomati au uziandae ndo zitumike, bonyeza kughairi. Windows haizielewi tu, hazijaharibika. Na ukishamaliza kila kitu weka imeili yako kwenye MAILADDR ndani ya mdadm.conf, hakikisha mashine ina uwezo wa kutuma imeili, ujaribu kwa mdadm --monitor --scan --test --oneshot, usipopata ujumbe rekebisha hiyo siku hiyohiyo maana diski ya kwanza ikifa mashine itaendelea kufanya kazi kama kawaida na hakuna atakayekuambia.