Tahadhari: kuna muuzaji wa lupu zenye tempo ya uongo

Maprodyuza wenzangu, kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya muziki akiuza furushi la lupu (vipande vifupi vya muziki vya kurudiarudia) za ngoma na gitaa. Anaapa kwamba kila faili litafuata lenyewe tempo, yaani kasi ya mapigo, ya projekti yako, wewe ni kuburuta na kuachia tu. Nimelinunua hilo furushi na nimelipekua. Ni uongo mtupu.

Chukua faili moja la ngoma lililoandikwa 100 BPM (mapigo kwa dakika). Mapigo 16 kwa tempo hiyo ni sekunde 9.6 kamili. Lile lina sekunde 10.1, maana yake ni 95, kalibadilisha jina tu. Ukiliamini, mzunguko mmoja ukiisha ngoma imeshachelewa karibu pigo zima. Lupu iliyoandaliwa vizuri hubeba ndani yake taarifa za tempo na idadi ya mapigo, programu ya kutengenezea muziki ikazisoma. Mafaili haya hayana chochote, kwa hiyo programu inabahatisha.

Tena ni MP3 (sauti iliyobanwa na kupunguzwa ubora) zilizogeuzwa kuwa WAV (faili la sauti kamili). Kuza wimbi la sauti utaona kimya kidogo mwanzoni, na ukifungua spektramu (picha ya masafa ya sauti) utaona juu ya takriban kHz 16 pamekatwa. Kile kimya kinajirudia kila lupu inapozunguka. Hata ukinyoosha sauti kitabaki, kitanyooka nayo.

Linaloniuma zaidi ni gitaa. Vaa hedifoni usikilize mwisho wa baadhi ya mafaili: kuna mkia wa sauti ya mwimbaji. Amekata nyimbo za watu, halafu anakuuzia kama vitu visivyo na hakimiliki. Siku mwenye wimbo akijitokeza, atakayedaiwa ni wewe uliyeutoa, yeye hayupo.

Nilipomwandikia alinijibu kwamba programu yangu ndiyo mbovu, kisha akaniblock.

Kabla ya kumlipa yeyote, dai faili moja la WAV ulipime mwenyewe. Video ya mfano usiikubali, pale kila kitu kimeshanyooshwa kikae sawa na tempo. Hesabu mapigo, zidisha kwa 60, gawanya kwa urefu wa faili kwa sekunde. Jibu lisipolingana na jina la faili, achana naye.

Kama umeshamlipa, tunza meseji na risiti, ripoti mapema kwa huduma uliyotumia kulipa, na wimbo wenye yale magitaa usiutoe.