qBittorrent: kichupo cha Peers ndo kinanifanya nisihame

Wakuu, qBittorrent (programu ya torenti, yani unashusha faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wenzako) natumia kushushia ISO za Linux, yale mafaili ya kusakinishia mfumo wa kompyuta, na nikisema nimeipendea kichupo cha Peers watu wananishangaa, wao wanaangalia asilimia ikipanda basi. Mi kasi ikizingua huko ndo nakimbilia kwanza. Unabofya torenti yako, chini unafungua Peers, unawaona wote mliounganishwa: bendera ya nchi, IP (namba yake ya mtandaoni), programu anayotumia, kafika asilimia ngapi, anakupa kiasi gani na we unampa kiasi gani.

Utamu uko kwenye safu ya Flags, vile viherufi (weka mausi juu yake inakupa maelezo). D kubwa maana yake unataka mzigo wake na kakufungulia, d ndogo unautaka ila kakubania. Nilivyokuwa navuta Ubuntu 24.04 (aina mojawapo ya Linux), lidude la zaidi ya GB 5, kasi ikawa ya kinyonga, nikafungua nikakuta d ndogo zimejipanga juu mpaka chini, nikajua bando langu halina kosa, wenye mzigo wako bize na wengine, we subiri tu maana BitTorrent ina utaratibu wa kumfungulia mtu kwa kubahatisha hata kama hajakupa kitu. H ni uliyempata kupitia DHT (mtandao wa programu za torenti kutafutana zenyewe bila seva ya kati), X umeelekezwa na wenzako mlio nao kwenye torenti. I ni aliyekufuata mwenyewe, na hiyo kwangu ni bidhaa adimu, natumia intaneti ya laini ya simu, tunarundikwa watu kibao nyuma ya IP moja, mtu wa nje atanifikiaje? Inabidi mimi niwafuate, ndo maana mwenye I nyingi huwa anapata wenzake wengi kuliko mimi.

Safu nyingine wengi wanaipita ni Relevance, inaonyesha katika vipande unavyokosa we, yeye anavyo kiasi gani. Mtu anaweza akawa na 60% halafu Relevance sifuri, yani vyote alivyonavyo na we unavyo, hana msaada kwako.

Bendera usiziamini sana, mwenye VPN (huduma ya kuficha IP yako kwa kupitia seva ya kwingine) utamwona Uholanzi kumbe yuko Mbeya. Hata jina la programu ni yeye mwenyewe anajitambulisha, anaweza kudanganya. Na jua na wao wanaiona IP yako hivyohivyo, mi kwa ISO ya Linux sina presha.

Kisichonikosha ni kupiga ban. Ukibofya kulia unamfungia mtu moja kwa moja, hakuna cha saa moja wala siku moja, kumtoa mpaka uingie kwenye mipangilio ya Connection utafute listi ya IP ulizofungia. Sasa kama IP ile ni ya mtandao wa simu umefungia mtaa mzima kwa kosa la mmoja. Mi siigusi.

Ni ya bure, haina matangazo, ipo ya Windows, Linux na Mac.