Hedifoni za televisheni kwa chumba cha watu wawili: miezi minane ya kuzitumia

Seti yenyewe ni transmita ndogo ya Bluetooth (kifaa kinachorusha sauti ya televisheni), hedifoni mbili za kufunika masikio, waya wa optiki unaopitisha sauti kwa mwanga, na waya wa USB. Nilitoa shilingi 145,000 sokoni Darajani, Zanzibar. Naitumia chumbani, Mji Mkongwe, kwa sababu moja tu: tamthilia za Kituruki hunifikisha saa saba za usiku, na mume wangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Hajanung'unika hata siku moja, lakini kulala na mto juu ya kichwa si kulala.

Kufunga hakufiki dakika kumi. Ncha za waya wa optiki zina vifuniko vya plastiki. Vitoe kwanza, ndivyo vinavyowafanya watu waulazimishe waya mpaka tundu linavunjika. Tundu lenyewe ni lile linalotoa taa nyekundu. Umeme chukua USB ya televisheni hiyohiyo, ukizima televisheni na transmita inalala. Sauti za spika zima kwa rimoti. Kiwango cha hedifoni utakipandisha kwa vitufe vyake.

Ukipata kimya au mkwaruzo mtupu, usikimbilie kurudisha dukani. Ingia mipangilio ya sauti ya televisheni, toa Dolby (sauti iliyobanwa), weka PCM (sauti isiyobanwa). Transmita za bei hii haziwezi kuifungua Dolby. King'amuzi nacho kikague, kina mpangilio wake.

Sasa la kuchelewa kwa sauti, na hapa ndipo pesa hupotea. Bluetooth ya kawaida, yenye njia ya kubana sauti iitwayo SBC, huchelewesha kiasi cha milisekunde 200: mdomo umeshafumba ndipo neno linafika. Yenye aptX Low Latency, njia nyingine iliyotengenezwa kupunguza kuchelewa, hushuka hadi karibu 40, na hapo jicho halishtuki. Sharti iwepo kwenye transmita na kwenye hedifoni pia. Upande mmoja ukikosa, umerudi kwenye SBC. Na ukipima dukani usipime kwa tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili! Midomo ile haikupatana na maneno tangu ilipotoka studio. Pima kwa msomaji wa habari, au mpira: tazama mguu unapopiga. Yangu ikiwa na hedifoni moja ni safi. Nikiunganisha ya pili, kuchelewa kunaonekana.

Transmita usiifiche nyuma ya televisheni wala kuibandika kwenye ruta ya intaneti, sauti itakatika-katika. Waya wa USB wa mita moja unatosha kuileta mbele, basi. Kuta zetu nene za mawe na chokaa hazipitishi kitu. Nikitoka kwenda jikoni nimeachwa.

Ngozi bandia ya masikioni ilianza kubanduka mwezi wa tano wa kuzitumia, kwa jasho la kaskazi. Nimevalisha vitambaa vya pamba, ni bora zaidi. Tundu la kuchajia lisiachwe dirishani linakoingia upepo wa bahari, chumvi hulila. Umeme ukikatika na kurudi, washa hedifoni kwanza halafu transmita, zitatafutana zenyewe.

Chaji moja hunipa usiku tatu au nne. Ile ya mume wangu huisha mapema: huivaa ili tutazame pamoja, analala kabla ya tangazo la kwanza, na hedifoni haijizimi maadamu sauti inaingia. Huivua mimi.