Vimto ya chupa ya kioo: tamu kwa futari, tamu zaidi kwa mabibo

Sifa zote inazopewa Vimto wakati wa Ramadhani inazistahili, ila nazungumzia ile nzito ya kuchanganya na maji, ya chupa ya kioo. Ya kopo, yenye gesi tayari, kwangu ni soda tu. Sioni kwa nini mtu ajisumbue kuibeba kutoka Muscat mpaka Mtwara.

Yangu huletwa na shangazi anayeishi Oman. Chupa ya mililita 710, huviringishwa kwenye kanga katikati ya begi isije ikapasuka njiani. Watu wa Ghuba wanaifuturia sana, na ya kwao hutengenezwa na Aujan huko Dammam, Saudi Arabia, kwa hiyo wengi wetu tunadhani ni kinywaji cha Waarabu. Kumbe asili yake ni Manchester, Uingereza. John Noel Nichols aliianzisha mwaka 1908, ikiitwa Vim Tonic, kinywaji cha kutia mwili nguvu. Basi bibi akionja na kusema, "Mjukuu wangu, mbona hii dawa ya kikohozi?" mimi simbishii.

Unapoinywa zabibu inatangulia, kisha rasiberi, halafu viungo vinakuja taratibu kooni. Mimi natia sehemu moja kwa tano za maji ya baridi, nakamulia ndimu. Hapa mtaani Shangani wapo wanaotia karibu nusu kwa nusu, eti wasionekane wachoyo. Ukishakunywa hiyo, hata muhogo wa nazi huusikii ladha.

Lakini raha yenyewe niliikuta msimu wa korosho, nilipotia kidogo kwenye juisi ya mabibo. Mnaoyajua mabibo mnaujua ule ukakasi wake unaokaba koo. Vimto inaupunguza, na harufu ya bibo inabaki palepale. Tangu hapo kila mwaka naficha chupa moja Ramadhani ikiisha. Kwenye maji ya dafu usijaribu, unaharibu vyote viwili.

Ikidondokea kanzu nyeupe, hiyo kanzu ya kuvalia shambani sasa. Na sukari ni nyingi kwelikweli: baba mdogo ana kisukari, yeye tunamwekea maji ya ndimu, na kila jioni lazima aulize kama ya kwake imesahaulika.