Vyakula vya kukoleza rangi ya kaa wa kombe: makopo manne mezani

Karibuni. Leo hapa mezani kuna makopo manne, na yote yanasifiwa kwa kazi moja: kukoleza rangi ya kaa wa kombe, yule wa nchi kavu anayetembea na kombe la konokono mgongoni. Kuna tembe za dukani, kuna unga mwekundu wa mwani uitwao Haematococcus, kuna spirulina, unga wa kijani wa mwani mwingine, na kuna uduvi, huu huu wa sokoni. Niseme mapema: uduvi unashinda, ila haushindi peke yake.

Kwanza tujue rangi inatoka wapi. Ukimtia kamba sufuriani anaingia kijivu, anatoka mwekundu. Wekundu ule ulikuwamo tangu mwanzo, umefungwa na protini. Moto ukiivunja protini, rangi inaachiwa. Hiyo ni astaksanthini, ya ukoo wa karotenoidi, rangi za asili kama ile ya karoti. Kaa hawezi kuiunda mwenyewe kutoka mwanzo. Aile ikiwa tayari, au ale beta-karotini na zeaksanthini, karotenoidi nyingine ambazo mwili wake unazigeuza. Asipozila hana cha kutia gambani, basi.

Ndiyo maana Coenobita perlatus, wale wekundu wenye vidoadoa vyeupe wanaoishi visiwani kama Aldabra ya Shelisheli, wakifugwa kwa tembe tupu huanza kugeuka rangi ya chungwa, kisha hupauka zaidi. Mwenye gando la zambarau, Coenobita clypeatus wa Karibiani, ambaye ndiye anayeuzwa zaidi Marekani, hapotezi rangi waziwazi kiasi hicho. Na huyo umlishe utakavyo, hageuki perlatus. Chakula hakimbadilishi mtu kabila. Vilevile Coenobita rugosus wa fukwe zetu za Bahari ya Hindi kwa asili wapo weupe, wapo wa kijivu, wapo wa kahawia, usimtibu mzima.

Sasa makopo. La kwanza, tembe. Geuza kopo, soma viungo. Kama vitatu vya mwanzo ni unga wa ngano, mahindi na soya, umenunua ugali mkavu. Tafuta pia neno etoksikwini. Ni kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi yake kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017. Salfeti ya shaba, kiungo kingine cha tembe, ina mabishano marefu: damu ya kaa yenyewe hutumia shaba kubeba oksijeni, kwa hiyo chembe kidogo haimuui, ila shaba nyingi ni sumu kwake, na lebo haikwambii ni kiasi gani. Mimi tembe hizi nazirudisha rafuni. Na zile zilizotiwa rangi ya chakula nyekundu? Rangi hiyo inapita tumboni tu. Utaiona kwenye kinyesi.

La pili, Haematococcus. Huu ni mwani mdogo sana wa maji baridi, na ndio wenye astaksanthini nyingi kuliko vyote vilivyopo mezani. Angalieni hapa karibu na kamera: unga mzima ni mwekundu wa damu, mzito. Ukiona umegeuka kahawia au waridi iliyofifia, hewa na mwanga vimeshaula, usilipe. Kiasi ni ncha ya kisu kwa kijiko cha chakula cha mchanganyiko, si zaidi. Ni ghali na kaa hula kidogo mno. Ukipata vidonge laini vya mafuta, toboa kimoja utie tone moja, na hakikisha hakina ladha ya machungwa wala mnanaa.

Spirulina, nitaipitia haraka. Ina beta-karotini na zeaksanthini, kwa hiyo inafaa kama malighafi. Ikizidi, harufu inawafukuza bakulini. Kijiko kimoja cha chai kwa kopo zima kinatosha.

Na uduvi. Una astaksanthini, una protini, na unaliwa na ganda lake, kwa hiyo kuna kalisi na kitini, kijenzi cha gamba, humo humo. Tatizo ni mbili. Mosi, mchanga na chumvi: loweka dakika kumi kwenye maji yaliyoondolewa klorini, chuja, rudia, kausha kivulini. Nasema kivulini kwa sababu tatizo la pili ni jua. Uduvi uliokaa juani siku nyingi umekuwa mweupe, na weupe huo ni rangi iliyokufa. Chagua wenye wekundu bado.

Mchanganyiko wenyewe: uduvi uliosagwa vijiko vinne vya chakula, mwani mkavu wa baharini kijiko kimoja, ganda la yai lililochemshwa na kusagwa kijiko kimoja, nazi kavu iliyokunwa kijiko kimoja, spirulina kijiko cha chai, paprika tamu kijiko cha chai. Paprika iwe tupu, isiwe ya kuwasha wala yenye chumvi. Nazi msiiache: karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta, bila mafuta nyingi inapita bure. Mwenye mawese mekundu halisi anaweza kutia matone mawili badala yake, lakini yatiwe siku ya kulisha, yasikae koponi yakachacha. Kopo liwe la giza, likae kwenye friza.

Kila kaa mpe kiasi cha punje ya choroko usiku, pamoja na kipande cha karoti, boga au kiazi lishe. Asubuhi toa mabaki. Ndani ya tangi unyevu ni kama asilimia 80. Chakula kikilala siku mbili kinaota ukungu. Na bitiruti, ambayo wengi wanaipenda kwa sababu inachafua vidole? Rangi yake si karotenoidi. Haimsaidii gambani.

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Unalisha wiki mbili, unatazama, hakuna kitu, unatupa kopo. Sehemu kubwa ya rangi hujengwa anapojivua gamba, na nasema gamba la kweli, si ile kampeni ya chama cha CCM ya 2011 ya "kujivua gamba". Kaa mdogo hujivua mara kadhaa kwa mwaka. Mkubwa anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Akiba ya kazi hiyo anaiweka tumboni wiki nyingi kabla hajazama mchangani kujivua. Kwa hiyo unalisha leo kwa ajili ya gamba lijalo.

Tena kabla ya kuzama huwa wa majivu, macho yana ukungu, anakunywa na kuchimba sana. Hapo usiongeze unga mwekundu kwa hofu. Mpe mchanga wenye unyevu, kina chake sentimita 15 au zaidi, angalau mara tatu ya urefu wa kaa mkubwa kuliko wote, na umwache. Chini huko atalila gamba lake la zamani, na kula huko kunamrudishia kalisi aliyoivua. Anayemfukua akalitupa amemnyang'anya chakula, na mwili wake wakati huo ni laini kiasi cha kuchanika.

Akipanda juu, mpige picha chini ya taa ile ile uliyotumia mwanzo. Taa ya manjano inamfanya kila kaa awe mwekundu.